Miko Myeusi ya Msibani

Jumatatu, 2 Juni

Baridi imenipasua midomo. Nimefika sokoni saa moja na nusu, nimepanga meza. Vibao vya kukatia nyama nyuma, vinu vidogo vya vitunguu saumu pembeni, miko myeupe katikati, myeusi mbele kabisa. Halafu nikavuka kwa Saidi fundi viatu kupaka mingine mitano. Saidi ni mtu wa Tunduru, kibanda chake kinatazamana na meza yangu. Ananiuzia dawa nyeusi ya viatu na kuniazima brashi, haulizi kitu. Leo kauliza. Hao wanaonunua wanapikia, au wanatundika ukutani? Nikamjibu wanatundika. Akaendelea kugonga soli.

Sijui wanafanyia nini. Sijawahi kumfuata mtu jikoni kwake.

Mteja wa kwanza alitaka kibao kwa nusu bei. Nikampa huku nimenuna, mteja wa kufungua siku harudishwi. Mchana akaja mwalimu mmoja mwanamke, mgeni, kahamishiwa hapa mwaka huu kutoka Kanda ya Ziwa. Kaona picha kwenye status yangu. Nikamwambia mpingo wa Tunduru. Miko mitatu, elfu saba kila mmoja, hakuomba hata nimpunguzie. Myeupe, elfu mbili tu, hakuna aliyeigusa. Mwiko ni uleule. Mninga uleule, mkono uleule wa mume wangu. Tofauti ni dawa ya viatu.

Jioni Kastori kaniuliza soko lilikuwaje. Nikasema zuri, wamependa kazi yako. Akatabasamu, akarudi bandani kwake. Hajui kuhusu dawa. Mikono yake ilianza kutetemeka mwaka juzi. Hospitali walisema ni mishipa ya fahamu, wakampa vidonge, vidonge vikamtia usingizi, akaviacha. Miko yake siku hizi ina makovu, vichwa vinapinda, mingine ina nyufa. Mimi nafukia nyufa kwa unga wa mbao na gundi, napaka juu. Ukipaka huoni kitu.

Yeye anadhani kazi yake bado inauzika. Nataka aendelee kudhani hivyo. Bila kuchonga, Kastori hana kitu kingine, ataketi ukutani aanze kufa.

Jumanne, 3 Juni

Mama Batilda kaja mezani. Ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani hapa Mjimwema. Anataka miko miwili mikubwa, ile ya kusongea ugali wa misiba. Ya zamani imelika mpaka vichwa vimebaki nusu. Nikamtajia bei ya mweupe. Akashika mweusi mmoja mdogo, akaugeuza, akasema anataka ya hivi, mpingo, idumu mpaka wajukuu waitumie.

Hapo ningemwambia. Ilikuwa sentensi moja tu. Badala yake nikataja zaidi ya mara mbili ya bei hiyo, akakubali bila kukuna kichwa.

Hii si ya kutundika ukutani, hii ni ya kupikia. Nalijua hilo na ninaliandika hapa.

Kastori nilimwambia jumuiya imeagiza miko miwili ya msibani. Hakumaliza chai. Alinyanyuka akaenda kuchagua mbao. Yeye ana upangaji bei wake tangu ujana: hatazami mbao wala muda, anatazama sufuria. Mwiko wa sufuria ya watu wawili, wa familia, wa sherehe. Mkubwa wa sherehe hajaupandisha bei miaka sita. Nilipomwambia wamekubali zaidi ya hapo, alisema basi nisiwaringie, ni watu wa kanisani.

Ijumaa, 6 Juni

Siku ya tatu yuko bandani. Leo tezo imemponyoka, ikamchana kidole. Kajifunga kitambaa na kuficha mkono mfukoni mpaka wakati wa kula. Ugali kala kwa mkono wa kulia na kidole kimoja juu.  Tunafichana kwenye nyumba ya vyumba viwili.

Mwiko wa pili una ufa kichwani, mrefu kama kidole changu. Yeye hajauona, au kauona kanyamaza. Aliniuliza nauonaje. Nikasema mzuri.

Kesho nitaufukia.

Jumapili, 8 Juni

Tumekabidhi baada ya misa. Kwa Saidi niliipaka mara tatu, nikasugua kwa kitambaa mpaka haiachi rangi mkononi. Kastori alipouliza huo weusi nikamwambia ni mafuta ya kula tu, ndiyo yaliyoutia mninga giza. Mama Batilda aliinyanyua miko yote miwili mbele ya wanajumuiya akasema hii ndiyo kazi ya Kastori, mnaoagiza vitu vya viwandani mje mwone. Watu wakapiga makofi. Kastori alisimama wima kama bwana harusi. Mikono kaiweka nyuma ili wasione inavyocheza.

Njiani kurudi kanishika bega. Hajanishika bega barabarani tangu mwanetu Tedi yuko darasa la kwanza, na Tedi sasa anafanya kazi Dodoma ana watoto wawili.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Ijumaa, 13 Juni

Akina mama wa Mpitimbi wamepiga simu. Wamesikia habari za miko ya Mjimwema, wanataka minne kama ile. Kastori anapiga mluzi bandani. Mluzi! Nimenunua makopo mawili ya dawa. Saidi kanihesabia chenji bila kunitazama.

Jumatatu, 16 Juni

Msiba Ruhuwiko. Kafariki bibi mmoja wa jumuiya, mama mkwe wa Otilia. Kaugua muda mrefu, miguu ilivimba, hakuna aliyeshangaa. Otilia ndiye aliyekuwa anamwogesha na kumlisha. Walikuwa hawaelewani, mtaa mzima unajua, lakini alimwogesha.

Mwiko wetu umepelekwa huko. Mmoja tu, wa pili umebaki ndani kwa Mama Batilda.

Nimeenda jioni kukaa na wenzangu kwenye mkeka. Nilitaka kujitolea kusonga mimi. Nikawa nangoja mtu aniombe.

Jumanne, 17 Juni

Nitaandika yote.

Saa sita mchana, sufuria mbili kubwa kwenye mafiga uani. Moja wanasonga wanawake wa mtaa kwa mwiko wa zamani. Ya pili anasonga Otilia, yeye ndiye mkwe, ni zamu yake, kwa mwiko mpya mweusi. Uji ulichemka, akatia unga, akasonga kwa nguvu, jasho likimtoka. Mimi nakata mchicha pembeni. Nikaona wanawake wamesimama. Wamesogea. 

Ugali ulikuwa na michirizi. Myeusi, kama mtu kachora kwa mkaa. Na harufu, mafuta ya taa fulani hivi. Sufuria ile nyingine, nyeupe pe.

Otilia aliendelea kusonga, akidhani ni masizi. Shangazi wa mume wake, mama mmoja mkavu aliyetoka kijijini na basi la asubuhi, akaja akachungulia. Akapiga ukunga. Akasema haya ndiyo aliyokuwa anamlisha wifi yangu, leo Mungu kayaleta juani tuyaone wote.

Mwanamume mmoja kwenye turubai akasema labda ni mwiko. Nilisikia. Mama Batilda akajibu kwa hasira kidogo kwamba mwiko ni wa Kastori, mpingo, wao wenyewe jumuiya ndio walionunua. Kisha akageuka, watu wote wakageuka naye, akaniuliza mimi.

"Mama Tedi, mpingo unatoa rangi?"

Nikasema, "Hautoi."

Nimesema hivyo. Kisu cha mchicha kikiwa mkononi. Mpingo kweli hautoi rangi. Niliiona hiyo njia ndogo nikapita humo humo kama panya.

Ugali ukamwagwa nyuma ya choo. Otilia akakaa chini palepale kwenye majivu. Alikuwa ananitazama.

Jumatano, 18 Juni

Tumezika. Hakuna aliyekula chochote alichoshika Otilia. Hata maji ya kunawa aliyoleta watu waliyakwepa. Mwanaye wa mwisho kazuiwa kumkalia mapajani.

Jioni niliuchukua ule mwiko kwenye vyombo nikauosha mwenyewe kwa maji ya moto, nyuma, peke yangu. Maji yakawa meusi tii. Nikayamwaga. Nikausugua kwa mchanga mpaka rangi karibu yote ikatoka na ufa wangu wa gundi ukaonekana, nikauchomeka chini kabisa ya lundo la sufuria.

Kwa hiyo sasa nimeharibu na ushahidi. Mimi ni mwoga. Nilidhani mimi ni mkali, watu wa soko wote wananiogopa kwa mdomo. Kumbe mdomo ni wa kuuzia tu.

Alhamisi, 19 Juni

Sikupanga meza. Nimekaa kwa Saidi. Habari zimefika sokoni: Jumamosi ukoo wa marehemu unakaa kikao baada ya kuanua matanga. Wanataka Otilia apelekwe kwa mganga mmoja ng'ambo ya Mpitimbi akanyolewe nywele, anyweshwe dawa, akiri. Akikataa, arudi kwao na watoto wabaki.

Saidi alishona kiatu kizima. Mwisho akaweka sindano chini.

"Mama Tedi, hiyo ni haki ya mja. Mwenyezi Mungu hasamehi haki ya mja mpaka mwenyewe asamehe."

Nikamwambia asinihubirie, yeye ndiye aliyeuza dawa. Akasema ndiyo, na yeye hajalala siku mbili. Nikajisikia mshenzi.

Nikikaa kimya, Otilia ananyolewa. Nikisema, lazima niseme kwa nini nilipaka. Wataniuliza tu. Na jibu ni kwamba kazi ya Kastori hainunuliwi tena. Mji huu hauna siri, litafika bandani kabla yangu.

Ijumaa, 20 Juni

Nimejaribu kumwambia Kastori mara tatu.

Mara ya kwanza alikuwa ananionyesha mwiko wa kwanza wa Mpitimbi. Umepinda. Anasema huu umemkubali.

Mara ya pili alikuwa analala.

Mara ya tatu nilifungua mdomo, yeye akatangulia kusema. Kasikia mambo ya Ruhuwiko. Kasema Otilia maskini, mpingo hautoi rangi kweli, lakini wao si mpingo walionunua, wamenunua mninga wake, sasa huo mpingo Mama Batilda anaotaja kautoa wapi? Akacheka kidogo. Kasema wanawake wa jumuiya hawajui mbao.

Nikatoka nje kuanika nguo zilizokwisha kukauka.

Jumamosi, 21 Juni

Asubuhi nilipita kwa Mama Batilda nikauomba ule mwiko wa pili. Nikasema nataka kuukagua. Haujawahi kutumika, Otilia hajawahi kuugusa. Nikaufunga kwenye kitenge nikapanda bodaboda kwenda Ruhuwiko.

Kikao kilikuwa sebuleni. Wazee watano, yule shangazi, mume wa Otilia kainama. Otilia mlangoni sakafuni. Tayari kichwani kavuliwa kilemba. Nikawaamkia shikamooni, nikapiga magoti. Mzee mkubwa akasema hiki ni kikao cha ukoo. Nikasema najua, naomba sufuria ya maji yanayochemka.

Sikujua kama watanipa. Binti mmoja akaleta. Nikauchovya mwiko mbele yao nikakoroga, kama anavyofanya mtu anayesonga. Haikuchukua muda. Maji yakaanza kuchafuka, kisha yakawa meusi, na ile harufu ikajaa chumbani. Shangazi akaziba pua kwa khanga.

Nikasema ni dawa ya viatu. Nimepaka mimi. Otilia hana kosa lolote.

Mzee akauliza kwa nini mtu apake dawa ya viatu kwenye mwiko wa kupikia. Nikasema ili ununulike. Akauliza, kwani kazi ya Kastori hainunuliwi? Nikatafuta neno jingine sikulipata. Nikasema mikono imemshinda, hainunuliwi, na yeye hajui, nawaombeni msimwambie.

Nilivyolisema hilo mwenyewe nikaona upumbavu wake. Watu wanane chumbani, na madirishani kumejaa.

Shangazi akasema kwa sauti kwamba tumepanga, wanawake wa Mjimwema wanalindana. Wazee wakamnyamazisha, lakini si wote. Kikao kikavunjika bila kumnyoa mtu.

Nilimfuata Otilia uani nimwombe msamaha. Alikuwa anafunga kilemba chake. Hakulia, hakunitukana. Heri angenitukana.

"Siku nne, Mama Tedi," alisema. "Siku nne ulikuwa unajua."

Niliamua kurudi kwa miguu. Nilikuwa nataka njia iwe ndefu. Nilipofika, Mama Batilda alikuwa keshapiga simu.

Kastori alikuwa bandani. Kachukua miko yangu yote myeusi kutoka kwenye kapu la soko, kaipanga mezani, anaikwangua mmoja mmoja kwa kisu. Chini ya dawa kakuta gundi yangu. Alikuwa anaibandua kwa ukucha, vipande vidogo vidogo, mikono ikitetemeka.

Hakuuliza kuhusu Otilia wala msiba. Aliuliza mweupe niliuza lini mara ya mwisho. Nikasema kabla ya Krismasi. Akauliza mingapi. Nikasema mmoja.

Akaweka kisu chini.

"Sasa mimi nilikuwa nafanya nini humu," akasema.

Halikuwa swali. 

Jumapili, 22 Juni

Hatukwenda misa.

Jumatano, 25 Juni

Kiongozi wa soko kaniambia niondoe vitu vyote vya mbao mezani mpaka watu watulie. Kasema kwa heshima, ananiita mama. Wauza dagaa hawana heshima, wameshanipa jina: Mama Viatu. Nimelisikia mara mbili leo. Stahili yangu.

Mwalimu yule mgeni kaja na miko yake mitatu kwenye mfuko wa nailoni. Mmoja alikuwa ameshaupikia. Kasema watoto waliumwa matumbo wiki ile nzima, hakujua kwa nini. Hakupiga kelele. Nikamrudishia hela zake, akazihesabu, akaenda. Nikaketi nyuma ya meza tupu.

Mpitimbi hawajapiga simu. Sitawapigia.

Jumamosi, 28 Juni

Otilia kaondoka. Kaenda kwa kaka zake Mbinga na watoto wawili, mkubwa kabaki kwa baba. Wazee walitamka hana kosa, lakini yule shangazi hakuacha kusema, na mumewe hakuwa tena anakula anachopika. Angalau hivyo ndivyo jirani yake alivyonieleza, na aliponieleza hakuniangalia usoni.

Kama ningesema ile Jumanne, sufuria ikiwa bado motoni, watu wangecheka. Wangenitukana, wangecheka, wangesonga ugali mwingine. Leo Otilia angekuwa nyumbani kwake.

Nimeliwaza hilo siku nzima. Nitaliwaza na kesho.

Jumanne, 1 Julai

Kastori kauza tezo, patasi na visu vyote vya kuchongea kwa fundi samani mmoja wa Ruhuwiko. Niliposikia nilipandisha sauti, nikamwambia angeniuliza kwanza. Akanitazama tu. Nikaisikia sauti yangu ikielea pale chumbani, nikaizima.

Bandani amefagia. Maranda kayatia gunia, kampa jirani wa kuku. Anaketi mlangoni juani na blanketi mabegani. Hanisemeshi vibaya. Ananisemesha kama mtu wa ofisini. Mama Tedi naomba chumvi. Mama Tedi asante.

Tedi kapiga simu kutoka Dodoma, kasikia kwa watu. Kasema mama kwa nini usingemwambia tu baba ukweli, ni mtu mzima. Nikakata simu, baadaye nikamwambia ni mtandao.

Jumapili, 6 Julai

Leo tumekwenda misa. Tumekaa benchi la nyuma. Mama Batilda alinipa mkono wakati wa kutakiana amani, haraka, kama anagusa chungu cha moto. Kastori watu walimsalimia sana. Sana mno. Kila mmoja alimshika mikono yote miwili na kuitazama.

Njiani aliiweka mfukoni.

Alhamisi, 17 Julai

Nimerudi sokoni wiki ya pili sasa. Nauza miko ya kiwandani, inakuja na lori kutoka Dar, mitano kwenye karatasi moja ya nailoni, bei imebandikwa tayari. Sipangi bei, sisifii kitu. Watu wanaichukua wanainusa kwanza. Mji mzima siku hizi unanusa mwiko kabla ya kununua. Wakishanusa wananunua.

Saidi aliniletea chai. 

Nyumbani leo nimesonga ugali kwa mmoja wa hiyo ya kiwandani, wetu wa zamani umevunjika mpini na hakuna wa kutengeneza mwingine. Nilitaka kuuosha na kuuficha kabla Kastori hajaingia. Aliingia mapema, baridi imemfukuza nje. Akauona juu ya meza, unadondosha maji. Akauchukua.

Aliuinua mpaka kwenye mwanga wa mlangoni. Akafumba jicho moja akautazama kwa urefu, kichwa hadi mwisho wa mpini. Akaugeuza akapitisha kidole gumba ukingoni, taratibu, mzunguko mzima.

"Umenyooka," akasema.

Akanirudishia. Nikapakua, tukala.